Subiri Joto Lipite

11 Januari

Mwanangu Kipaza,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila masikio ndiyo yale yale, hayajarudi kutoka yalikokwenda. Natumaini nawe u mzima, na sabuni za huko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hazijakumaliza ngozi ya mikono.

Umeniuliza kwa nini sipokei simu. Napokea, mwanangu, ikitetemeka mfukoni. Nasema haloo, kisha nasema haloo tena, mpaka aliyepiga anachoka. Bati nimeligonga miaka arobaini, na lenyewe likanigonga. Ujumbe wa simu nao una herufi ndogo kama mayai ya chawa. Kwa hiyo andika barua, na uandike kwa mkono mkubwa.

Sasa nikujulishe mtu wa nyumbani usiyemjua. Ana miguu minne. Dereva mmoja wa lori alikuja kutengenezewa faneli ya mafuta, akaniachia kitoto cha mbwa ndani ya ndoo, akasema atakipitia kesho. Kesho yenyewe imefikisha miezi sita. Kitoto kimekuwa jibwa, jike, na bado linakua. Lina miezi minane. Nimempa jina Hodi, na nitakueleza kwa nini.

Huyu mbwa aligundua mapema kwamba kunibwekea mimi ni kazi bure. Basi mtu akifika mlangoni akasema hodi, yeye huja kunivuta suruali mpaka niende. Birika likichemka ananivuta. Mvua ikianza na bati zangu ziko nje, ananivuta. Tangu aje sijapoteza mteja kwa kutosikia. Tatizo dogo ni kwamba kila mgeni akisema hodi, yeye anadhani kaitwa jina, lakini matokeo ni yale yale.

Hoja yangu ni hii. Mama mwenye nyumba amekuja, akasimama pale penye nuru ili nimsome midomo, akasema, “Fundi, mbwa mmoja nilimkubali. Ukoo sikuukubali.” Anataka Hodi afungwe kizazi. Akizaa watoto ndani ya ua wake, basi mama na watoto waondoke. Na mwenye bucha jirani ana dume lake liitwalo Jenerali, ambalo nimelikuta mara mbili likiupima ukuta kwa macho.

Mimi sijui afungwe lini, sasa au akiwa mkubwa, na sijui kama ni vizuri afungwe kabisa. Watu hapa wanasema mbwa akifungwa kizazi anazubaa, ananenepa, analala mchana kutwa. Mimi mbwa wa kulala wa nini? Masikio yaliyolala ninayo tayari. Wewe uko hospitalini, hebu niulizie.

Baba yako

24 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, mikono ipo, imepauka tu. Barua yako nimeisoma wakati wa mapumziko nimekaa juu ya robota la mashuka, nikacheka peke yangu kuhusu huyo Hodi.

Baba, mimi hospitali nafua mashuka. Sipasui mtu, sembuse mbwa. Ila msimamizi wetu anafuga mbwa wanne, nikamuuliza. Yeye anasema wengine hufungwa wadogo sana, wengine husubiri wakomae, inategemea ukubwa wa mbwa. Anasema usisikilize ya mtaani, wake wote wamefungwa na hakuna mwizi aliyewahi kuwasifu kwa upole. Nenda kwa daktari wa mifugo, mpeleke Hodi mwenyewe amwone.

Nikuambie na jingine, usinikasirikie. Baada ya mama kufariki nilikuomba uje tukae huku. Ungekubali, leo hii masikio yako yangekuwa mimi, siyo mbwa. Sikusemi. Nasema tu.

Mwanao

6 Februari

Mwanangu Kipaza,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi sijambo, isipokuwa jua.

Nimeenda kwa daktari wa mifugo. Ni binti mdogo, umri kama wako. Kwanza alinisemesha akiwa amefunika mdomo kwa kile kitambaa chao, nikawa naitikia tu ndiyo, ndiyo, mpaka nikaona anataka kumchoma Hodi sindano. Nikamwomba akivue. Akakivua, tukaelewana. Kumbe alikuwa ananiuliza kama amechanjwa kichaa cha mbwa.

Amempima uzito, amemfungua kinywa, amembonyeza magoti. Akasema huyu atakuwa mbwa mkubwa, mifupa bado inakua, si vizuri kumkimbiza. Nilimsoma midomo vizuri, neno kwa neno: “Subiri kwanza joto lipite. Likishapita, hesabu miezi miwili mitatu, ndipo umlete.”

Nikamwona ni daktari mwenye akili. Joto la mwaka huu halifai kumpasua kiumbe yeyote, kidonda kitaoza. Ukiliacha bati juani kwa nusu saa huligusi. Mama mwenye nyumba nimemweleza, amekubali, mwenyewe alikuwa anajipepea kwa mfuniko wa sufuria. Hodi nimemtengenezea beseni refu la bati, analala ndani ya maji kama chatu. Kwa hesabu yangu joto litakwisha Machi, basi tunangoja mpaka Juni. Wala simfungii, namwacha atembee apate upepo.

Kuhusu lile jingine ulilosema. Mimi siyo debe la kuhamishwa, leo hapa kesho pale. Karakana yangu iko hapa na kaburi la mama yako liko hapa. Tusilirudie.

Baba yako

19 Februari

Baba,

Shikamoo. Leo sina nafasi ya salamu ndefu, mtu wa posta anaondoka saa saba.

Barua yako niliwasomea wenzangu kwa sauti. Nilipofika pale pa beseni, msimamizi wetu alicheka mpaka akaketi sakafuni. Halafu akaacha kucheka, akaniambia niandike haraka.

Baba, joto alilosema daktari siyo la jua. Ni la Hodi. Wataalamu wa mifugo, jike akianza kutaka dume, wanasema yuko kwenye joto. Hata ng'ombe wanamsema hivyo. Daktari alimaanisha usubiri Hodi aingie katika siku hizo kwa mara ya kwanza, zimalizike, ndipo uanze kuhesabu miezi.

Utamtambua hivi: atatoka damu kidogo nyuma, atavimba, atajilamba sana, na madume ya mtaa mzima yatakuja kukusalimia. Wiki tatu zote hizo asitoke nje, hata kwa upepo. Mfungie. Tafadhali, Baba, ukisoma tu hapa, inuka ukafunge mlango.

Mwanao

20 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ni mwezi sasa sijapata barua. Simu nimepiga, unapokea, unasema haloo, nami nalia upande huu kwa kelele lakini hunisikii. Angalau haloo yenyewe inaniambia upo. Tangu juzi hata hiyo haisikiki, simu imezimwa.

Nisamehe nikisema ninachowaza. Nawaza kwamba mbwa ameondoka, mtu amegonga mlango, na hakuna aliyekuvuta suruali. Nawaza birika. Nawaza gari linalorudi nyuma barabarani nawe umeinama unaokota msumari. Nikikunja mashuka nakosea pembe, mpaka wenzangu wameuliza kulikoni.

Kama umenikasirikia kwa lile neno la kuhamia huku, kasirika, lakini kasirika kwa barua.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu Kipaza,

Nisamehe. Ni mzima kabisa. Simu ilidumbukia kwenye beseni la Hodi, na kalamu niliikimbia mwenyewe. Nilikuwa na aibu, tena nilikuwa nasubiri jibu ambalo nimelipata jana. Sasa nakusimulia yote.

Barua yako ilinikuta nimechelewa. Siku tatu kabla yake nilikuwa nimeona matone ya damu sakafuni. Unajua karakana yangu, kila mahali pana vipande vya bati. Nikasema mtoto kajikata. Nikamkagua nyayo zote nne, sioni jeraha, lakini damu inadondoka. Nikamfunga bandeji miguu yote minne, nikaondoa kila kitu sakafuni, nikaifagia sakafu nzima kwa sumaku. Mtu wa posta alipoleta barua yako alimkuta Hodi amesimama mlangoni na soksi nne nyeupe kama bibi harusi. Na nyuma ya mtu wa posta, barabarani, madume saba yamekaa kwa mstari.

Nikasoma. Nikainuka kufunga mlango kama ulivyoniambia. Nilifunga, mwanangu. Niligeuza ndoo nikaikalia hapo hapo mlangoni. Nilichosahau ni dirisha la nyuma, lile ninalopitishia mabati marefu. Kwa masikio yangu haya sikusikia kitu. Nilipogeuka, Hodi hayupo, bandeji moja imening'inia kwenye msumari wa dirisha, na Jenerali naye haonekani kwao.

Alitoka Jumanne asubuhi, akarudi Jumatano mchana. Siku moja na nusu. Nataka nikueleze ile siku, kwa sababu sijamweleza mtu. Mteja aliyeagiza mabomba ya paa alikuja, akagonga, akachoka, akaenda kwa fundi mwingine. Hilo nilikuja kuambiwa baadaye. Birika niliweka jikoni nikarudi kwenye kazi, nikiamini nitavutwa suruali. Sikuvutwa. Moshi ndio ulionishtua, na mama mwenye nyumba kasimama mbele yangu anapunga mikono, kumbe alikuwa anapiga kelele uani muda mrefu. Birika lilikuwa limetoboka kitako. Fundi bati mzima nikakaa kulehemu birika langu mwenyewe. Nilimlilia mbwa, Kipaza. Niseme tu ukweli.

Aliporudi, alikuwa amechafuka tope, mnyenyekevu, hataki kuniangalia. Mama mwenye nyumba akasema, “Haya sasa, ukoo huo.” Nikakimbia kwa daktari. Akasema mapema hivyo hakuna anayeweza kujua, nimrudishe baada ya wiki nne. Nikamwomba mama mwenye nyumba wiki nne. Alinipa, bila kunitazama usoni. Wiki nne hizo kila asubuhi nilikuwa nampapasa Hodi tumbo, naona limekua, jioni naliona limepungua. Sikuweza kukuandikia. Ningeandika nini?

Jana tumeenda. Daktari alimbonyeza tumbo, kisha akampaka kitu kama gundi, akamtelezeshea kidude kilichounganishwa na televisheni ndogo. Mimi nikaangalia midomo yake, siyo televisheni. Akasema, “Hamna.” Nikasema, sema tena. Akasema, “Hamna kitu, Baba. Tumbo ni tupu.” Nikamwomba aandike. Ameandika, karatasi ninayo mfukoni, naitoa mara kwa mara kuisoma. Ama Jenerali ni cheo tu, ama Hodi alienda kutembea tu na kunitia presha. Nimetoka pale, nikakaa kwenye ngazi na mbwa wangu, watu wanapita wanatutazama.

Nilimweleza daktari habari ya joto. Aliinamia meza, mabega yanatingishika, hata midomo nikakosa kuisoma. Akasema kuanzia sasa kila kitu ataniandikia. Na siku ya kumpasua, kwa hesabu yake yeye, ni mwanzoni mwa Juni. Kwa hiyo Juni yangu ilikuwa sahihi, ila sababu tu.

Baba yako

9 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimepata barua, nimekaa kwenye robota langu la mashuka nikalia mpaka msimamizi akaja mbio akidhani kuna msiba. Nikampa asome. Akasema, “Huyu mzee wako anahitaji ngao na nishani.” Wote humu sasa wanamjua Hodi. Asubuhi wananiuliza habari zake kabla ya kuniuliza zangu.

Nimesoma ile sehemu ya birika mara nyingi. Miaka mitatu nimekuwa nikisema moyoni kwamba ulikataa kuja kwangu kwa ukaidi. Sikujua una namna yako ya kuishi na kwamba namna hiyo inafanya kazi. Siku ile, baada ya arobaini ya mama, nilipiga kelele, nikakuita maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, nikafunga mizigo. Nilijipa moyo kwamba pengine hukusikia. Ulisikia?

Juni isikupite. Najua wewe. Ukifika wakati utaanza kusema mbwa ana mafua, daktari ana mafua, nyota haziko sawa. Kama unaogopa, sema unaogopa. Lakini mwaka hauishi bila Hodi kuingia kwenye joto tena, na safari hii Jenerali anaweza kustahili cheo chake. Mama mwenye nyumba hatakupa wiki nne nyingine. Mpeleke.

Mwanao

8 Juni

Mwanangu Kipaza,

Salamu za upendo. Mimi mzima, mama mwenye nyumba mzima, Hodi mzima. Nimeanza na hilo ili usisome mbio.

Ulinijua. Tarehe mosi ilipofika nilikwenda kumwambia daktari kwamba Hodi anakohoa. Akamsikiliza kifua, akaandika kwenye karatasi: HAKOHOI. Nikamwandikia chini yake: Naogopa. Akavuta kiti, tukakaa. Nikamweleza kwamba huyu siyo mbwa wa kufugwa tu, kwamba akizubaa huyu mimi sina jinsi, itabidi nikapakiwe kama debe kwenda kwa binti yangu. Akaandika: Atafungwa kizazi, hatafungwa masikio. Hiyo karatasi nayo ninayo.

Akanipa na ya maelekezo. Imeandikwa kwa herufi kubwa: AFUNGE TANGU JIONI YA KUAMKIA UPASUAJI. Halafu chini yake, kapiga mistari miwili: KUFUNGA KULA. SIYO KUFUNGA KAMBA. Mwanangu, nilikuwa nimeshakata kamba.

Wakampasua Alhamisi asubuhi. Nikakaa kwenye benchi nikiutazama mlango. Wenzangu waliokuwa pale walikuwa wanasikia vyuma, maji, watu wakiongea ndani. Mimi nilikuwa na mlango tu. Ulipofunguka daktari alitoka na kitambaa chake mdomoni, akakumbuka, akakivua akiwa bado mbali. Akasema, “Salama.” Safari hii sikumwomba aandike.

Siku ya kwanza alilala. Ya pili akalala. Nikasema ndiyo hayo, watu walisema. Tena alikuwa anaulamba ule mshono, na kola ya plastiki waliyompa aliitafuna ikaisha. Basi nikafanya ninachokijua. Nikachukua bati jembamba, nikamkatia faneli ya shingoni, ukingo nikaukunja, nikauzungushia mpira wa baiskeli usimkate. Ni faneli nzuri, mwanangu, hata yule dereva wa lori angeikubali.

Sasa sikia. Siku ya tatu mchana nakata bati, nikahisi suruali inavutwa. Nikaenda mlangoni, hakuna mtu. Nikarudi. Ikavutwa tena. Nikaenda, hakuna mtu. Mara ya tatu nikatoka mpaka barabarani, ndipo nikaona mgeni amesimama nyumba ya tatu kutoka hapa, anasema hodi kwa watu wale. Ile faneli inamkusanyia sauti! Kutwa nzima sikufanya kazi. Mtaa mzima ukipigiwa hodi, mimi natoka. Mama mwenye nyumba amecheka mpaka kanga ikamdondoka, akampa Hodi mfupa kwa mkono wake mwenyewe. Daktari alipokuja kumtazama mshono akaomba nimtengenezee faneli nyingine sita, za ukubwa mbalimbali, ila ameomba nizitoboe matundu ya masikio. Ya Hodi bado sijaitoboa. Nataka nifurahie kwanza.

Uliniuliza kama nilisikia siku ile. Nilisikia. Ulipiga kelele vizuri, hukuitwa Kipaza bure. Nikuambie kitu. Masikio yalizimika kabisa mwezi uliofuata. Kwa hiyo ile ndiyo mara ya mwisho niliyosikia sauti yako. Maneno sikuyapenda, lakini sauti naikumbuka, na nimeitunza. Nimekusamehe zamani, nami unisamehe kwa ukaidi wangu. Mshono unatolewa nyuzi tarehe ishirini na mbili. Nakuambia tu.

Baba yako

15 Juni

Baba,

Shikamoo. Najua u mzima, kwa hiyo leo siulizi.

Msimamizi amenipa likizo ya wiki mbili. Nimemwambia nakwenda kumwona mgonjwa aliyeshonwa, akasema nimpe salamu na nisimwache akalamba. Tarehe ishirini na mbili nitakuwa hapo, tumpeleke wote akatolewe nyuzi. Siji kukupakia. Nakuja kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikuangalie ukifanya kazi.

Faneli yake usiitoboe kwanza. Nikifika sitapiga kelele, Baba. Za siku ile zinatosha. Nitasimama mlangoni niseme hodi mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtoto aliyefundishwa adabu, halafu nitanyamaza ningoje.

Wewe endelea na kazi yako. Ukivutwa suruali, inuka uje ufungue.

Mwanao